Wakili na Mwenyewe

"Jina la mume wako?"

"Mwenyewe."

Shaibu aliweka kalamu chini. Akavua miwani, ambayo aliiazima kwa karani mwenzake wa ushirika na ambayo ilimfanya asione kitu, akamtazama shemejiye kama mtu anayetazama mvua ikianza kunyesha juu ya nazi alizozianika.

"Shemeji, saa hizi mimi si Shaibu. Mimi ni Mzungu wa ubalozini. Nakuuliza jina la mumeo, unanijibu mwenyewe. Mwenyewe nani? Mwenye duka? Mwenye ng'ombe?"

"Mwenye mimi," alisema Biubwa. Mikono yake haikuacha kusuka ukili.

"Hebu litaje. Hapa hakuna watu."

"Kwani wewe si mtu?"

"Mwache mke mwenzangu," alisema Bibi Time, bibi yake Biubwa, aliyekuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. "Mke wa kiungwana hamtaji mumewe jina. Mimi nimekaa na babu yake mpaka nikamzika, na jina lake nililisikia vizuri siku ya hitima."

"Bibi, ubalozi hauna habari na uungwana."

"Basi na ukae bila habari."

Shaibu akacheka kidogo, akavaa tena miwani. Alikuwa na haki ya kuchoka. Siku ya usaili ilikuwa imepatikana kwa taabu. Mara ya kwanza ubalozi wa Uingereza uliwapangia siku iliyoangukia Idi, Shaibu akaenda posta Kilindoni kupeleka simu ya maandishi kuomba siku nyingine, jibu likakawia hadi watu wakaanza kusema safari imekufa. Sasa siku ilikuwapo, mwanzoni mwa mwezi ujao, na barua ilitaja vya kwenda navyo: pasi, cheti cha ndoa, picha ya harusi. Biubwa angeingia peke yake, aulizwe habari za mumewe na ndoa yake, na mkalimani angekuwapo.

Cheti kilikuwapo. Balaa lilikuwa picha.

Biubwa binti Mkadam alikuwa ameolewa kwa wakili. Kitwana, kaka yake Shaibu, aliondoka Mafia akiwa kijana, akafanya kazi katika meli ya Wagiriki, akashukia Livapuli huko Uingereza, akapata kibarua bandarini na akatulia. Alipotaka mke alimwandikia mdogo wake: nenda Miburani, niposee binti Mkadam, na wakikubali nikubalie. Shaibu akaenda. Siku ya ndoa ni yeye aliyeshikana mkono na ami yake Biubwa mbele ya shehe, akatamka mbele ya mashahidi kwamba amekubali kumuolea Kitwana kwa mahari yaliyotajwa. Ndoa ikatimia kama zinavyotimia nyingine. Bwana harusi, wakati watu wanakula pilau lake, alikuwa akishusha magunia ya sukari.

Baada ya pilau alikuja mpigapicha kutoka Kilindoni. Kitwana alikuwa ameomba apelekewe picha ya mkewe akiwa amevishwa. Biubwa akaketishwa, pembeni yake kikawekwa kiti cha bwana harusi, kitupu. Mpigapicha akagoma. Alisema hapigi kiti kitupu, ni mkosi, na tena picha itakaa upande. Ndipo Shaibu, joho begani na jambia kiunoni, akasukumwa akae pale, akakaa. Akatabasamu pia, jambo ambalo Bibi Time hakulisamehe mpaka leo.

"Sasa sikiliza," alisema Shaibu. "Mimi na kaka tumefanana. Mzungu kwake sote sura moja. Akikuonyesha picha akakuuliza huyu nani, sema mume wangu. Basi. Kisha tunaendelea na mengine."

"Na akiuliza wewe ni nani?"

"Mimi sitakuwapo."

Mlango wa jikoni ulifunguka, akatoka Bi Mwanamkuu, mama yake Biubwa, na sinia ya wali iliyofunikwa kawa. Aliiweka mkekani taratibu.

"Shaibu mwanangu," alisema, "mimi nilimtoa binti kwa wakili kwa kuwa sheria inaruhusu. Huu uongo nani kauruhusu?"

"Mama, si uongo. Ni kurahisisha."

"Nduguyo naye anarahisisha sana. Mwanamume akitaka mke huja kumchukua. Mbuzi wenyewe mtu huenda mnadani akawashika masikio. Huyu wangu anaagizwa kama kitambaa."

"Ana kazi, Mama. Ruhusa haipatikani."

"Mimi sina neno na kazi yake. Ninasema tu, nikifa sijui nani atakayempelekea Biubwa habari, na mtoto mwenyewe sijui anapelekwa kwa nani."

Biubwa alikata ncha ya ukili kwa meno, akaanza mwingine.

Hakuwa na huzuni, wala hakuwa na furaha ya kumfanya aimbe. Alikuwa mke kwa namna ambayo mtu huwa na shamba upande wa pili wa kisiwa: ni lake, watu wanajua ni lake, lakini hajalilima. Jioni alifundisha kisomo cha watu wazima, na wanafunzi wake, wengi wao wazee kumzidi mamaye, walimwita mwalimu na wakamuogopa kwa ulimi wake usiosamehe herufi iliyokosewa. Wachumba waliotangulia aliwakataa mmoja mmoja. Mmoja alisema "nyumba ile ni mzuri" mbele yake, ikawa basi. Huyu wa Livapuli alimkubali kwa sababu ambayo hakumwambia mtu: hakuwapo kumchosha.

"Tuendelee," alisema Shaibu. "Mumeo anapenda kula nini?"

"Pweza wa nazi."

"Chai?"

"Ya maziwa, tangawizi nyingi."

"Hulala upande gani?"

"Ukutani."

"Hupenda nini akiwa na nafasi?"

"Bao."

Bibi Time aliacha kukuna nazi. "Mzungu mzima atauliza mtu analala upande gani?"

"Wanauliza, Bibi. Wanataka kujua kama ndoa ni ya kweli."

"Ndoa ya kweli," alisema Bibi Time, "mtu analala anapopata."

*

Siku chache kabla ya usaili Kitwana alikuja bila taarifa, kama yajavyo mauti. Hakuna aliyeandikiwa. Alishuka na ndege ndogo ya asubuhi, akapita kwa nduguye akamkosa, akaja Miburani kwa miguu na koti mkononi. Alasiri ilikuwa imeingia. Biubwa alikuwa uani anachuja tui, mikono myeupe mpaka viwikoni.

"Hodi hapa."

"Karibu," alisema Bi Mwanamkuu. "Nani?"

"Ni mimi, Mama. Shikamoo. Mimi ni Kitwana."

Bi Mwanamkuu alimtazama kuanzia viatu kwenda juu, akafika usoni akabaki hapo.

"Marahaba," alisema mwisho. "Kumbe upo."

Bibi Time alijiinua kwa kushika magoti, akamzunguka kama anayenunua ng'ombe. "Mume wangu," alisema, "umekonda. Wanakulisha nini huko? Mke mwenzangu, inuka, mwenyewe kaja."

Biubwa hakuinuka. Tui lilikuwa likimchuruzika vidoleni na hakujua alifanyeje. Akainua macho tu. Ni kweli alifanana na Shaibu, kipaji kilekile na masikio yaleyale. Macho ndiyo hayakuwa ya Shaibu. Ya Shaibu husema kabla ya mdomo. Haya yalingoja. Yalimtazama, yakaona kuwa hana pa kujificha, yakaenda kando yenyewe, yakatulia kwenye kifuu kilichokuwa chini. Biubwa aliliona hilo akaliweka mahali.

"Sikukutambua," alisema.

"Haidhuru," alisema Kitwana. "Nimebadilika."

Walimkaribisha, wakampa maji na chakula. Kisha Bi Mwanamkuu akasema lake. "Mke ni wako kwa sheria na mimi sikukatalii. Lakini hajaingizwa nyumbani. Mtazungumza hapahapa uani, Bibi akiwapo."

"Mimi siku hizi sisikii," alisema Bibi Time, akavuta ungo wa choroko, akakaa karibu iwezekanavyo.

Kitwana aliketi kwenye kigoda, Biubwa akashika ukili wake. Kiswahili chake kilikuwa safi lakini kilitoka polepole, kama nguo iliyokaa sandukuni na sasa inakunjuliwa.

"Nimeomba ruhusa ya siku chache," alisema. "Nitakusindikiza Dar es Salaam. Ndani sitaingia, nitakaa nje. Shaibu aliniandikia kuwa anakufundisha majibu."

"Nimeyahifadhi."

"Tuyapitie?"

"Wewe ndiye unayetaka mke. Uliza."

Akacheka bila sauti. "Haya. Mumeo anapenda kula nini?"

"Pweza wa nazi."

"Pweza? Mimi?"

"Ndivyo nilivyofundishwa."

"Mimi nikila pweza navimba midomo. Tangu mtoto. Shaibu anajua."

Choroko zikaacha kulia kwenye ungo, kisha zikaendelea.

"Chai ya maziwa," alisema Biubwa. "Tangawizi nyingi."

"Nanywa ya rangi."

"Bao."

"Sijui kucheza bao. Walinifukuza barazani kwa kutojua." Alimtazama sasa, na macho hayakwenda kando. "Na kulala?"

"Ukutani," alisema Biubwa, akajisikia masikio yanapata moto, akachukia.

"Nimelala melini miaka. Nikilala ukutani naota nazama. Mimi ni wa ukingoni."

Bibi Time hakuweza tena. "Basi mtoto tumemsomesha mume wa watu," alisema. "Anayekula pweza na kucheza bao na kulala ukutani ni Shaibu. Wakili kajisemea mwenyewe."

Walicheka wote watatu, na kwa kitambo uani pale palikuwa pazuri. Biubwa aliona kovu dogo kwenye kidole gumba cha Kitwana, akataka kuuliza, akaona atauliza kesho. Kesho ilikuwapo. Ndiyo mara ya kwanza kuiona kesho na mtu huyu.

"Hayo madogo," alisema Kitwana. "Tutayasahihisha. Kubwa ni ile picha. Shaibu amekwambia la kusema?"

"Ameniambia."

"Basi lishike hilo. Sema ni mimi. Na wakikuuliza mara ya kwanza tulionana wapi, sema tulionana nyumbani kwenu, nilikuja na wazee kuposa. Bandarini kuna mwenzangu, Mpemba. Mkewe aliulizwa akasema aliolewa na mtu ambaye hajapata kumuona. Mpaka leo hajafika."

Biubwa aliuweka ukili chini. Bibi Time, aliyemlea, alijua maana yake, akainamisha kichwa kwenye choroko.

"Nikuulize," alisema Biubwa.

"Uliza."

"Umeniposa kwa wakili. Umenioa kwa wakili. Nimepigwa picha na wakili. Hata ukipendacho nimeelezwa na wakili, na kumbe si chenyewe. Sikulalamika, kwa kuwa mwenyewe hukuwapo. Leo umekuja. Umekaa mbele yangu, na la kwanza ulilonitaka ni kwamba nikakusemee uongo. Kumbe hata uongo wako unautafutia wakili."

"Biubwa, mimi nataka ufike."

"Nifike kwa nani? Kwa yule wa kwenye picha?"

Kitwana alitazama mikono yake. Kisha akasimama, akachukua koti lake.

"Mama, nashukuru kwa chakula," alisema kuelekea jikoni. "Bibi, kwaheri."

Akatoka bila kumtazama Biubwa. Hatua zake zikasikika njiani, zikapotea penye minazi.

"Umemkata," alisema Bibi Time.

"Nilisema kweli."

"Kisu nacho husema kweli."

Bi Mwanamkuu alitokeza mlangoni. Alitaka kusema kwamba alijua tangu mwanzo, na alikuwa na haki ya kusema, lakini alimuona bintiye alivyoukunja ukili ambao haujaisha, akarudi ndani.

*

Asubuhi alikuja Shaibu.

Alikuja amevaa shati la kazini, akakaa kwenye kile kigoda cha jana, akakohoa.

"Shemeji, kaka amenituma. Anasema tusameheane. Anasema alikosea namna ya kulileta lile neno, na kwamba yeye kwa upande wake..."

"Shaibu."

"Naam."

"Jana nilisema nini?"

"Sikuwapo."

"Nilisema nimechoka na mawakili. Leo kaniletea nani?"

Shaibu alifikiri. Kisha uso wake ukaelewa, akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Na mimi nimekuja," alisema. "Na mimi mjinga nimekuja."

"Rudi ukamwambie mwenyewe aje. Na kama hajui njia, aulize."

Kwa jinsi Kitwana alivyofika upesi, ilikuwa wazi alikuwa kajibanza karibu tu, nyuma ya ua wa jirani. Hakukaa. Alisimama mbele ya Bi Mwanamkuu, akaomba mkewe atoke naye mpaka dukani, Bibi awafuate.

"Dukani kununua nini?" aliuliza Bi Mwanamkuu.

"Kuonyeshana kitu, Mama."

Bi Mwanamkuu alimtazama bintiye. Biubwa alikuwa ameshavuta kanga.

Duka la kijiji lilikuwa njia panda, limefungwa kwa kuwa mwuzaji alikwenda shamba. Waliandamana Kitwana mbele, Biubwa nyuma yake, Bibi Time na Shaibu nyuma zaidi wakigombana kwa sauti ya chini juu ya pweza. Kitwana alisimama chini ya kibao cha duka, akakitazama.

Biubwa alipita chini ya kibao kile kila siku ya Mungu. Kiliandikwa kwa rangi ya buluu, DUKA LA UJAMAA, na chini yake MIBURANI. Herufi ya mwisho ya mstari wa juu haikulingana na nyingine. Ilikuwa ndogo, imebanwa pembezoni mwa ubao kama mtu aliyechelewa gari akapata pa kuweka mguu mmoja tu.

Aliijua ile a. Ilikuwa yake. Mwaka duka linafunguliwa alikuwa darasa la saba, anarudi shule na madaftari kichwani, akamkuta kijana juu ya ngazi, kajifunga kitambaa usoni kwa harufu ya rangi, anafuta brashi na kujisifu kwa waliokuwa chini. Ameandika UJAMA. Biubwa akasimama akamwambia: kaka, ujamaa una a mbili, hapo umemwacha mtu nje. Watu wakacheka, naye akaenda zake. Kesho yake a ya pili ilikuwapo, imebanwa pale.

Aligeuka taratibu.

"Aliyekuwa juu ya ngazi," alisema.

"Nilianguka siku ile," alisema Kitwana, akainua kidole gumba chenye kovu. "Ulipoondoka nilitaka kushuka nikuone unakwenda njia ipi, nikakanyaga kopo. Wiki ileile nikaondoka. Huko nikiandika neno lolote nalisoma mara mbili, nione kama nimemwacha mtu nje. Nilipotaka kuoa sikuwa na wa kumfikiria mwingine. Nikamwandikia Shaibu: mwambie aliyemposa ni yule aliyemwacha mtu nje."

"Mimi sikuambiwa hivyo."

Wote wawili wakamtazama Shaibu.

"Nilidhani ni maneno ya mabaharia," alisema Shaibu. "Aliyemwacha mtu nje. Mimi niende ukweni kuposa nikaseme hivyo? Wangenifungia mlango."

"Wakili," alisema Bibi Time kwa upole mkubwa, "posa ile ilikuwa na neno moja la maana, na hilo ndilo ulilolikalia."

Shaibu akaomba ruhusa kwenda kazini.

Kitwana alibaki amesimama pale chini ya kibao, mikono haijui pa kukaa. "Jana nilikuwa na hofu," alisema. "Na mimi nikiwa na hofu hutuma watu. Nilizoea. Sasa nasema mwenyewe. Usiseme uongo wowote. Sema ilivyokuwa, na wakikukataa nitarudi mimi, nitakuja kupaka rangi vibao, utanisahihisha. Biubwa binti Mkadam, unanitaka?"

Ndoa ilikwisha fungwa, na mahari yalikwisha liwa. Hakuna sheria iliyomtaka mwanamke yule ajibu. Lakini hakuna aliyepata kumuuliza, na Biubwa aliona swali lile ni lake, akaamua kulishika kwa muda.

"Nitakujibu Dar es Salaam," alisema.

Usiku wa kuamkia safari Bi Mwanamkuu alimpigia pasi buibui mwenyewe, kwa mkaa. Hakusema sana. "Kama ni kwenda," alisema, "nenda na yaliyo kweli. Hayo hata nikiwa mbali nitayatambua."

Na Bibi Time alimwita pembeni. "Mke mwenzangu. Wakikubana sana juu ya lile jina, litaje. Lakini mara moja tu. Na ulitaje vizuri."

*

Chumba cha ubalozi kilikuwa na feni na meza. Afisa alikuwa kijana, shingo yake imeungua jua. Mkalimani alikuwa mama wa makamo aliyevaa gauni la mjini, na aliyetamka kila neno kama anayelihesabu. Mlango waliuacha wazi kidogo kwa joto. Nje, kwenye benchi, Kitwana alikuwa amekaa na koti mapajani.

Waliuliza chakula. "Si pweza," alisema Biubwa, akaeleza. Waliuliza chai. Waliuliza mara ya kwanza walionana wapi, akasema chini ya ngazi, kwenye kibao cha duka, na kwamba yeye aliona macho tu kwa kuwa uso ulikuwa umefungwa. Mkalimani alifasiri, afisa akaandika, akainua kichwa, akaomba arudiwe. Akarudiwa.

Kisha akaiweka picha mezani na kumgonga Shaibu kifuani kwa kidole.

"Anauliza huyu ni nani," alisema mkalimani.

"Wakili."

Mkalimani akafasiri. Afisa akakunja uso, akaitazama picha kwa karibu, joho, jambia, tabasamu. Akasema maneno mengi.

"Anauliza," alisema mkalimani, na sasa naye alionekana anataka kujua, "mwanasheria wako anafanya nini kwenye kiti cha bwana harusi?"

Biubwa hakuelewa. Kisha akaelewa. Akamtazama yule mama kama alivyozoea kuwatazama wanafunzi wake wa jioni walioruka herufi.

"Mama, samahani. Wakili wa mahakamani ni mmoja, na wakili wa ndoa ni mwingine. Neno ni lilelile ila kazi si hiyo. Mtu akiwa mbali, hawezi kufika kuoa, humweka ndugu yake akubali kwa niaba yake. Huyo ndiye wakili. Huyu ni shemeji yangu Shaibu. Kukaa kwenye kiti alikosea, alisukumwa na mpigapicha. Mwambie hivyo, yote, usipunguze."

Mkalimani akasema yote. Ilichukua muda. Afisa alisikiliza akiwa ameweka kalamu chini. Mahali fulani pa habari, labda penye kiti kitupu, mdomo wake ulicheza upande mmoja.

"Anauliza: kama huyu ni wakili, mumeo ni yupi?"

"Mwenyewe yuko nje."

"Mwenyewe," alirudia mkalimani, akasita, asijue alifasiri vipi. "Mwanangu, hapa lazima jina. Mtaje."

Feni ilizunguka. Biubwa alinyoosha buibui magotini. Aliwaza kwamba neno hili bibi yake alikaa nalo ndoa nzima hakulitumia, na kwamba yeye alipewa ruhusa ya mara moja. Akaweka mgongo sawa. Hakumtazama afisa wala mkalimani. Aliutazama ule uwazi wa mlango, akalisema kwa sauti ya darasani, kila herufi mahali pake.

"Kitwana."

Nje benchi lililia. Koti likasikika likianguka sakafuni, na sauti ya mwanamume, polepole, kama nguo inayokunjuliwa, ikaitika kutoka upande wa pili wa mlango.

"Naam."

Afisa aliangalia mlangoni, akamwangalia mwanamke, akauliza kitu kifupi. Mkalimani hakukifasiri. Alikuwa anafuta miwani.

"Anasema uje kuchukua pasi yako Alhamisi, ikiwa na ruhusa ya safari," alisema baadaye.

Biubwa alishukuru, akachukua picha yake mezani, akatoka. Kitwana alikuwa bado amesimama vilevile, kama aliyeitwa na hajaambiwa anaitiwa nini.

"Umeniita," alisema.

"Uliniuliza kitu," alisema Biubwa. "Nimekujibu."

Akaokota koti, akalikung'uta vumbi, akampa.